Nani Alipe Kilichoibwa Njiani?



Katika mkutano wetu wa tawi hapa Matinyani, watu walipokuwa wamekwisha anza kukunja viti, mwenzetu mmoja aliinua mkono akaomba dakika mbili. Alisema kwa muda wa nusu saa na hakuna aliyemkatiza. Tuliorudi nyumbani jioni ile tulirudi tukiwa kimya, na ndiyo sababu tumeona jambo lake liandikwe katika kurasa hizi, ili na wale wasiokuwapo walijue.

Mwenzetu huyu ameandikwa kazi na muuzaji mmoja wa jumla. Jina la tajiri hatutalitaja, maana shauri bado linazungumzwa. Kazi yake ni kupeleka sukari, unga, sabuni na mafuta katika maduka ya Matinyani, Mutonguni, Kauwi mpaka Kabati, na kukusanya pesa kwa wenye maduka. Siku zote huenda na pikapu pamoja na dereva. Siku hiyo pikapu iliharibika, akaambiwa achukue pikipiki aende peke yake akusanye madeni, mzigo utafuata kesho. Alisema kwamba si vizuri mtu mmoja kutembea na pesa. Akajibiwa kwamba kama anaogopa wapo vijana wengi mlangoni wanaotaka kazi.

Mwenye duka wa mwisho alimchelewesha. Jua likazama. Alipofika penye kivuko cha mto wa mchanga, pale ambapo pikipiki hushindwa na mtu hushuka asukume, walimtokea watu watatu, wawili wana panga na mmoja ana rungu. Walichukua shilingi 38,400 za tajiri, shilingi 1,150 zake mwenyewe, simu yake na viatu vyake. Hakubisha, lakini yule wa rungu alimpiga kichwani hata hivyo. Alitembea bila viatu mpaka nyumba ya kwanza yenye taa. Asubuhi alikwenda polisi, akapewa namba ya OB, kisha hospitali, akashonwa nyuzi tano.

Swali la kwanza aliloulizwa na tajiri lilikuwa, “Pesa zangu ziko wapi?” La pili, “Mbona wewe hukufa?” Tunaandika kama alivyotuambia. Siku hiyo hiyo aliwekewa karatasi mezani, bandeji ikiwa bado kichwani, akatia sahihi kwamba amekubali kukatwa shilingi 6,400 kila mwezi kwa miezi 6. Mpaka siku ya mkutano alikuwa amekwisha katwa miezi 4, yaani shilingi 25,600. Mtoto wake mmoja amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Sasa sisi twauliza: aliibiwa nani? Pesa zilikuwa za tajiri, na njia ilichaguliwa na tajiri. Pikapu iliyoharibika ni yake, na saa ya kutoka aliipanga yeye. Mfanyakazi hakuwa na kitu chake katika safari ile isipokuwa kichwa chake na shilingi 1,150. Tena akapigwa kichwa, akanyang'anywa na hizo shilingi, kisha akaambiwa alipe na zile za mwenzake. Huyu mtu ameibiwa mara mbili, na mwizi wa pili hakuwa na panga.

Wengi katika mkutano walisema, “Lakini ametia sahihi.” Jambo hili la sahihi linatusumbua sana wafanyakazi, maana twadhani kwamba sahihi ni kama muhuri wa Mungu. Tufungue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeeleza vitu ambavyo mwajiri anaweza kukata katika mshahara. Juu ya mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea, inasema kiasi cha haki kinaweza kukatwa ikiwa hasara imetokana na kosa la mfanyakazi la makusudi. Juu ya pesa zilizopungua, inasema zaweza kukatwa ikiwa zimepungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, na tena mfanyakazi huyo awe ni mtu ambaye mkataba wake umesema wazi kwamba kazi yake ni kupokea, kutunza na kulipa pesa. Soma maneno hayo pole pole. Makusudi. Uzembe. Udanganyifu. Mtu aliyewekewa panga shingoni amefanya lipi katika hayo matatu? Na mkataba wa mwenzetu, alipotuonyesha, umeandika neno moja tu juu ya kazi yake: “mpakuzi”. Mpakuzi wa magunia alipewa kazi ya karani wa pesa, kwa mshahara wa mpakuzi, na hasara ilipokuja akabebeshwa hasara ya benki.

Kwa hivyo twasema waziwazi kwamba makato yale si halali, na karatasi aliyotia sahihi kwa hofu ya kufukuzwa haiwezi kugeuza kisicho halali kuwa halali.

Hata hivyo, tusijifanye malaika. Matajiri wana neno lao na tulisikie. Husema kwamba wako wafanyakazi wanaopanga na wezi, hupita njia fulani saa fulani, kisha huja asubuhi wakilia. Ni kweli, wapo. Sisi wenyewe tumepata kumjua mmoja, na hatukumtetea, wala hatutamtetea mwingine wa namna hiyo, maana kila mwizi aliye kati yetu humfanya mwaminifu asisadikiwe. Lakini shuku si ushahidi. Mwajiri akimshuku mtu, polisi wapo wachunguze. Na akitaka kumfukuza kwa sababu hiyo, kifungu cha 41 cha sheria ile ile kinamlazimu kumweleza mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama kazini aliyemchagua mwenyewe. Kuitwa ofisini peke yako, mlango ukafungwa, ukasukumiwa kalamu, siko kusikilizwa.

Desturi ya kumshuku aliyerudi mzima ni ya zamani, na hapa kwetu Kitui ina historia yake. Wazee wetu walikuwa wasafiri wa kazi kabla ya Wazungu kuja. Kivoi, yule mfanya biashara mkubwa wa Kitui, alikuwa akipeleka misafara ya pembe mpaka Mombasa. Yeye ndiye aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849, wakati Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka nchi yetu. Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakatoka pamoja na watu wa Kivoi kwenda upande wa mto Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi njiani, msafara ukatawanyika, na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga peke yake porini kwa njaa na kiu mpaka akarudi kwa watu. Na aliporudi alikuta nini? Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa nini yeye ni mzima na mwenyeji wake amekufa, hata akaona maisha yake yako hatarini, akatoroka usiku. Twaona basi kwamba hata mtu mkubwa mwenye msafara na silaha aliuawa njiani. Sembuse mpakuzi mmoja na pikipiki. Na lile swali la “mbona wewe hukufa” lina zaidi ya miaka 170 katika nchi hii.

Tuje kwenye jeraha, maana katika shauri la mwenzetu watu walizungumza pesa tu wakasahau kichwa. Ipo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile makarani huita WIBA. Mfanyakazi aliyeumizwa kwa jambo lililotokea katika kazi yake na kwa ajili ya kazi yake ana haki ya fidia. Mwajiri akipata habari ya ajali hupewa siku 7 kuipeleka kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Mwenzetu alipigwa akiwa anakusanya pesa za tajiri, saa ya kazi, kwa amri ya kazi. Kama hilo si jeraha la kazini basi hatujui jeraha la kazini ni lipi. Lakini hakuna aliyepeleka habari kwa mtu yeyote. Tajiri alinyamaza, na mwenzetu hakujua. Nasi chama, tuseme kweli, tulikuwa hatujawahi kumweleza.

Kuna shimo moja katika sheria hii ambalo kila mwanachama alijue. Inasema kwamba mfanyakazi akichukuliwa bure kwenda au kutoka kazini kwa gari lililowekwa na mwajiri kwa shughuli hiyo, likiendeshwa na mwajiri mwenyewe au mfanyakazi wake, basi safari hiyo huhesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi. Vizuri sana. Lakini yule ambaye hakupewa gari, anayetoka zamu saa nne ya usiku akaachwa kituoni kungoja matatu, huyo hakutajwa kwa namna hiyo. Ona jinsi mambo yalivyogeuka! Tajiri mwema aliyeweka basi amejitwika wajibu. Yule aliyefunga lango na kukuacha barabarani ameokoa petroli, ameokoa dereva, na tena ameokoa fidia. Sheria bila kukusudia imempa zawadi mwenye roho ngumu. Kwa sababu hiyo gari la zamu ya usiku haliwezi kuachiwa huruma ya mwajiri. Ni lazima liandikwe katika mapatano yetu ya pamoja, na lisibadilishwe kwa posho ya nauli, kwa maana nauli haizuii panga.

Ulimwengu nao umekwisha liona jambo hili. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipokutana Geneva mwaka 2019 lilipitisha Mkataba wa 190 juu ya jeuri na unyanyasaji kazini, na mkataba huo haukuishia kwenye lango la kiwanda. Umetaja safari za kazi, umetaja pia kwenda kazini na kurudi nyumbani. Ulianza kutumika mwaka 2021. Viongozi wetu wakienda mezani na waajiri wawe nao mfukoni.

Sasa tuseme juu ya wale wa mbali. Watu wa Matinyani wametawanyika Nairobi, Thika, Mombasa na Athi River, na mwisho wa mwezi barabara zote hizo hujaa watu wanaorudi nyumbani na mshahara. Wezi nao wana kalenda. Gari lililotoka Nairobi jioni hufika Kabati au Kitui mjini usiku, na kutoka hapo ni bodaboda usiyemjua mpaka nyumbani, katika njia ambazo mchana utaona mbuzi na watoto wa shule lakini usiku hutaona mtu. Twajua kwa nini tunasafiri saa hizo. Mtu hutoka kazini Jumamosi saa saba au saa nane ya mchana, na Jumatatu alfajiri anatakiwa kazini. Mwajiri akitoa ruhusa ya nusu siku moja tu kwa mwezi kwa watu wa mbali, wasafiri mchana, hatapata hasara yoyote inayoonekana. Tumeliomba jambo hili mara nyingi kwa waajiri mbalimbali, na hujibiwa kana kwamba tumeomba hisa za kampuni.

Zamani baba zetu walishona noti ndani ya kiuno cha suruali, na mama zetu walizifunga katika pembe ya leso. Wengine walituma kwa hawala ya posta, au kwa mkono wa kondakta wa basi aliye mtu wa kwao. Tangu Machi 2007 tuna M-Pesa, na hakuna sababu ya mtu kubeba mshahara mzima njiani. Tulidhani tumewashinda wezi, lakini wezi nao walikwenda shule. Siku hizi hawatafuti mfuko, wanatafuta simu na namba ya siri. Wakikushika hukulazimisha uitaje, huchukua yaliyomo, na kisha hukopa kwa jina lako ile mikopo ya simu, ukaamka asubuhi huna pesa na tena una deni. Kwa hivyo mtu akinyang'anywa simu, kabla ya kwenda kusimulia jirani, aombe simu ya mtu yeyote aipigie kampuni yake ya simu ifunge laini. Na ile tabia ya kuandika namba ya siri kwenye kikaratasi nyuma ya simu, jamani, tuiache. Tumeiona kwa macho yetu kwa mwanachama ambaye ni mjumbe wa kamati.

Tuna makosa mengine yetu. Katika basi mtu hukupa biskuti au soda kwa uchangamfu, mnazungumza Kikamba, anataja kijiji chenu na shule uliyosoma, ukaona ni ndugu. Ukaamka mwisho wa safari, au hospitali, huna begi, huna simu, na kichwa kizito siku mbili. Sisi Wakamba tumelelewa kwamba kukataa chakula ni dharau. Katika basi, kataa. Sema umefunga, sema una ugonjwa wa tumbo, sema lolote. Na siku ya mshahara wako wenzetu ambao hupitia baani “dakika tano”, wakanunulia meza nzima, wakasema kwa sauti kubwa gari watakalopanda. Sheria ya Ajira imekataza kulipa mishahara mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi hapo. Waliotunga sheria walijua kitu. Lakini hakuna sheria inayoweza kumzuia mtu kuupeleka mshahara pale mwenyewe kwa miguu yake.

Juu ya akina mama na dada zetu, tunasema kwa uchungu. Wafanyakazi wa nyumbani, wa hoteli na wa mashamba ya maua hutoka alfajiri sana na kurudi usiku sana, na kwao hatari si kuibiwa tu. Mwaka 2014 huko Githurai, abiria mwanamke alivuliwa nguo na kuibiwa ndani ya basi. Mwaka ule ule akina mama waliandamana Nairobi kupinga uovu wa namna hiyo, na Bunge likaweka kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu katika sheria. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu watu watatu kifo kwa unyang'anyi ule wa Githurai. Kati ya hao watatu, mmoja alikuwa dereva wa basi na mwingine kondakta.

Dereva na kondakta. Wafanyakazi kama sisi. Hatuwezi kulipita jambo hili haraka kwa kuwa linatuaibisha. Tunao wanachama na ndugu wengi katika kazi ya magari, na twajua shida zao: hawana mkataba, hulipwa kwa siku, huamka saa tisa ya usiku, na askari huwakamua njiani. Tutawatetea katika hayo yote. Lakini kondakta anayejua kwamba wezi wamepanda gari lake, akanyamaza kwa sababu wao humpa kitu, huyo hana chama. Na yule anayemwambia mama, “Mwaitu, keti hapa mbele karibu nami, nitakushusha mlangoni kwa watu,” tunamjua pia, na abiria wanamjua, na gari lake hujaa.

Kuna wengine ambao safari yao ya kazi ni mambo ya kufa na kupona, nao ni walimu. Barabara ya Mwingi kwenda Garissa inapita katika kaunti yetu, na vijana wetu wengi wameipita kwenda kufundisha kaskazini. Wanaokumbuka miaka ya tisini wanakumbuka mabasi ya Garissa yalivyokwenda kwa msafara na askari wenye bunduki. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuja Nairobi lilisimamishwa na magaidi, wakauawa abiria 28, na wengi wao walikuwa walimu wanaorudi nyumbani kwa likizo ya Desemba. Mwaka uliofuata mamia ya walimu walikataa kurudi, wakadai wahamishwe, na chama chao cha KNUT kikasimama nao. Waliitwa waoga. Walitishwa kufukuzwa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na ndipo Tume ya Walimu ilipowaondoa kwa wingi wale wasio wenyeji wa sehemu zile. Miaka mitano ilipita katikati. Sisi tunaona kwamba wale wa 2015 walikuwa wamesema kweli mapema mno, na kwa mfanyakazi hilo huhesabiwa kuwa kosa.

Tena tusisahau yaliyotokea Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale na akafa Januari 2016. Hakuwa mwanachama wa tawi letu, wala wa chama chetu. Lakini mtu akituuliza mfanyakazi mwenzako ni nani, sisi tutamtaja huyo.

Jambo la kukataa safari lina msingi katika sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mpaka hatari iondolewe haruhusiwi mwenye mahali pa kazi kumlazimisha arudi pale. Mwenzetu mpakuzi alifanya hivyo kwa mdomo aliposema si vizuri mtu mmoja kutembea na pesa. Kosa lake lilikuwa ni kwamba hakuandika. Mtu akitumwa safari anayoiona ya hatari, na atume ujumbe wa simu kwa msimamizi: “Nimekwambia sina mwenzangu na nina pesa, nami nakwenda kwa amri yako.” Maneno hayo machache hayatazuia rungu, lakini yatamfanya tajiri afikiri mara mbili, na yatakuwa na kazi mbele ya afisa wa kazi.

Na kwa nini, katika siku hizi, mfanyakazi abebe pesa hata kidogo? Wenye maduka wote wa njia ile wana simu. Tajiri anaweza kuwapa namba yake ya till, wakalipa moja kwa moja, mpakuzi akarudi na karatasi tu. Tuliuliza. Tuliambiwa kwamba kampuni ya simu hukata ada. Haya ndiyo mambo yanayotukasirisha, ndugu. Kwa kuokoa ada ya shilingi chache kila siku, kichwa cha mtu kimeshonwa nyuzi tano, na pesa zilizopotea zimelipwa kwa mshahara wa mtu huyo huyo. Tajiri hajapoteza hata senti, basi atabadili njia yake kwa sababu gani? Akilipa yeye mara moja tu, namba ya till itabandikwa katika kila duka kabla ya Ijumaa.

Tumekubaliana katika kamati kwamba mapatano yajayo na waajiri wa sehemu yetu yawe na neno hili: mali au pesa ya mwajiri ikinyang'anywa kwa nguvu, na mfanyakazi akiwa ameripoti polisi bila kuchelewa, hasara ni ya mwajiri, na simu na vitu vya mfanyakazi vilivyochukuliwa katika safari hiyo mwajiri avilipe pia. Hilo la pili wengine wameliona ni kutaka makubwa. Sisi hatuoni hivyo. Simu ile ndiyo tajiri anayoitumia kumpigia amri kutwa nzima, na hajapata kuchangia hata shilingi ya kuinunua. Pamoja na hayo tutadai watu wawili katika kila safari ya pesa, na gari kwa zamu inayokwisha baada ya saa mbili ya usiku. Waajiri watatoa hoja ya gharama. Tutakwenda na hesabu ya mwenzetu: 38,400, 1,150, simu, viatu, hospitali, siku 11 ambazo hakufanya kazi wala hakulipwa.

Kuhusu shauri lake, barua imekwisha pelekwa kwa tajiri ikidai arudishiwe shilingi 25,600 na makato yaliyobaki yasimame, na nakala imekwenda kwa afisa wa kazi Kitui. Habari ya jeraha nayo imeandikwa, kwani miezi 12 haijapita. Baada ya mkutano watu wengine wanne walitufuata kando, kila mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba naye alikatwa: mmoja kwa betri ya lori iliyoibwa usiku akiwa amelala ndani yake, mmoja kwa gunia, wawili kwa pesa. Walikuwa wakiona haya, kana kwamba wao ndio walioiba. Wao na wengine wenye shauri la namna hii walete karatasi za mshahara, namba ya OB, cheti cha hospitali kama kipo, na karatasi yoyote waliyotiwa sahihi, hata iliyochanika. Sheria inatoa miaka 3 kwa madai ya ajira, kwa hivyo asiseme mtu kwamba jambo lake ni la zamani kabla hatujalihesabu. Katibu atakuwa Matinyani sokoni siku ya mnada, tangu saa tatu ya asubuhi mpaka saa nane. Njooni mchana, mrudi mchana.